Kijani cha Kidimbwi: Jinsi Mwani Unavyodhibitiwa Migori na Homa Bay

Mwani ndio chakula cha kwanza cha ngege wa kidimbwini. Katika vidimbwi vya udongo vya Rongo, Uriri, Ndhiwa na Rangwe, samadi au mbolea hutiwa makusudi ili maji yageuke kijani, na mfugaji apunguze gharama ya chakula cha dukani. Kijani chenyewe basi si ugonjwa. Hatari huja mwani unapozidi kiasi ambacho maji yanaweza kubeba.

Vidimbwi vingi vya eneo hili vilitokana na mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliolenga vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa. Kidimbwi kilikuwa cha mita za mraba 300, kikapandwa vifaranga 1,000. Kwa ukubwa huo, kipimo kilichozoeleka Kenya ni DAP gramu 600 na yurea gramu 900 kwa wiki, au samadi kavu kilo 15. Vipimo hivi ni vya maji yasiyo na rutuba ya kutosha. Kidimbwi ambacho tayari kinapokea pumba, tembe za chakula na kinyesi cha kuku kutoka banda lililojengwa juu yake hakihitaji hata gramu moja zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea: ratiba ya mbolea inafuatwa bila maji kutazamwa.

Kuyatazama hakuhitaji maabara. Mkono huzamishwa wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Kikionekana wazi hata maji yakishapita kiwiko, maji yana njaa. Anayetaka uhakika hutumia sahani ya Secchi, bamba la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe, linaloshushwa kwa kamba iliyotiwa alama. Likipotea kati ya sentimita 25 na 40, maji ni mazuri.

Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku mwani wenyewe huivuta pamoja na samaki na vijidudu vya tope. Kiwango huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko. Samaki wakionekana alfajiri wamekusanyika juu, vinywa wazi, kulisha na kutia mbolea husimamishwa siku hiyohiyo. Maji ya chini, yenye uchafu mwingi, hutolewa kwa bomba, kisha maji safi huingizwa kutoka juu yakianguka kwa kishindo ili yachukue hewa. Siku za mawingu mfululizo ni za kuchungwa zaidi, kwa kuwa mwani unaweza kufa kwa mkupuo, ukaoza, na kuimaliza oksijeni iliyobaki.

Mwani wa nyuzi, unaotanda kama pamba kingoni, una chanzo tofauti: maji maangavu na yasiyo na kina, ambamo jua hufika chini. Huu huvutwa kwa reki na kutupwa mbali na kidimbwi, si kuachwa kwenye tuta mvua iurudishe. Kingo zikichimbwa zaidi na kusimamishwa, haurudi upesi.

Mrututu (salfeti ya shaba) huua mwani, na ni dawa ya kuepukwa. Katika maji laini yenye chokaa kidogo, shaba yake huua samaki pia. Na hata wakinusurika sumu, mwani uliokufa ghafla huwanyima hewa. Virutubisho vilivyoulisha vinabaki palepale, kwa hiyo kijani hurudi.

Walio ufuoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Homa Bay hadi Mbita, wana tahadhari moja zaidi. Maji ya Ghuba ya Winam hupatwa na milipuko ya Microcystis, mwani-bakteria unaoweza kutoa sumu ya ini. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yasivutwe kwa pampu kuingizwa kidimbwini, wala mifugo isinyweshwe.

Ngege aliyeshika ladha ya tope kutokana na baadhi ya mwani-bakteria huhamishiwa maji safi yanayopita, bila kulishwa, kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa sokoni.