Mkojo Safi Usitutulize

Kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi, wengi huona jibu limepatikana: ni UTI. Lakini bakteria wakishatoka kwenye figo na kuingia kwenye damu, kijiti hicho hakitoshi tena. Wazee wengi, na karibu kila mtu aliyekaa na mpira wa mkojo mwezi mzima, wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua. Mmoja wao akiletwa na homa, vimelea wataonekana tu kwenye mkojo, hata kama kinachomuua ni nimonia au malaria.

Kiwango cha bakteria 100,000 kwa mililita, ambacho maabara nyingi bado hukitumia, kilitokana na kazi ya Edward Kass wa Boston katika miaka ya 1950. Alitaka kutenganisha maambukizi na uchafu ulioingia wakati wa kukinga mkojo. Kiwango hicho hakihusu damu.

Kwa hiyo mwangalie mgonjwa kwanza. Anapumua mara 22 au zaidi kwa dakika? Presha ya juu imeshuka hadi 100 au chini? Amechanganyikiwa? Hapo chukua damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, seti mbili, kila moja kutoka sehemu yake, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Nasisitiza ujazo kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi: kwa mtu mzima, mililita nzima ya damu inaweza isiwe na hata bakteria mmoja. Chupa iliyotiwa damu kidogo hurudisha jibu la kwamba hakuna kitu, na jibu hilo huaminiwa. Pamoja na hayo, mgonjwa aliyeingia kwenye shoku asikawizwe dawa kwa sababu mshipa umegoma.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni figo iliyozibwa, iwe kwa jiwe au kwa kovu la kichocho lililokaza mrija. Usaha unabaki juu ya kizuizi, na mkojo unaotoka ni wa figo ya pili, nzima. Kijiti kinaweza kuwa safi. Ultrasaundi ndiyo itakayoonyesha figo iliyovimba kwa mkojo uliokwama, na hapo antibiotiki peke yake mara nyingi hushindwa; lazima mkojo huo utolewe kwa mrija. Majibu ya kuotesha huchukua siku moja, mbili au zaidi. Ultrasaundi isiyasubiri.