Litungu, valvu na mvumo wa hezi 50

Mpigaji wa litungu wa Tarime au Serengeti anayetaka kusikika kwenye uwanja wa harusi asianze kuhangaikia ukubwa wa spika, bali mvumo. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na sauti nene, na umeme wetu wa volti 230 huvuma kwenye unene huohuo: hezi 50, na mara mbili yake, hezi 100, ambazo kwenye gitaa huangukia kati ya uzi wa sita na wa tano.

Nyuzi zikiwa za nailoni, sumaku ya gitaa la umeme hainasi kitu. Kinachofaa ni kibati cha pizo kilichobandikwa kwenye ngozi ya ala, na valvu ya amplifaya hukipokea vizuri kwa kuwa mlango wake hauivuti nguvu ishara dhaifu. Lakini mlango huo hupokea pia kila uchafu wa umeme uliopo jirani.

Uchafu wa kwanza hutoka kwenye hita, waya unaopasha valvu moto kwa ndani. Valvu moja ya ECC83 hula ampea 0.3 kwa volti 6.3, ya EL84 ampea 0.76, mkondo unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kwenye amplifaya ndogo za Fender za miaka ya 1950 mguu mmoja wa hita uliungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Ni rahisi, na kwa amplifaya ya sebuleni huvumilika, lakini binafsi nisingeiga. Njia bora ni kusokota waya mbili kwa kubana, kuzilaza kwenye kona ya chasisi, na kuzivusha waya za ishara kwa pembe mraba. Kama transfoma haina tepu ya katikati, rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila mguu hadi ethi, huitengeneza. Mvumo ukibaki, sehemu hiyo ya katikati huinuliwa hadi volti 40 hivi za mkondo mnyoofu, ili elektroni za hita zisivutwe na kathodi.

Uchafu wa pili ndio unaowashinda wengi. Kapasita ya kwanza ya kuchuja hujazwa kwa mipigo mikali, mara 100 kwa sekunde. Mpigo wa ampea 0.5 ukipita kwenye njia ya omu 0.01 huacha milivolti 5. Valvu ya kwanza ikishiriki njia hiyo, milivolti hizo zinakuzwa pamoja na litungu. Kwa hiyo hasi ya kapasita hiyo irudi kwenye transfoma kwa waya wake wenyewe, na ethi ya valvu ya kwanza iguse chasisi kwenye tundu la kuingizia ishara tu.

Ethi ya ukuta ina kazi nyingine kabisa: kulinda uhai. Ifungwe kwa boliti yake kwenye chasisi, isitumike kutibu mvumo, na isikatwe. Ile tabia ya kuchokoa tundu la tatu la soketi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie huacha chuma chote bila ulinzi, huku ndani mna zaidi ya volti 300 ambazo kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya kuzima.

Kutafuta mhalifu, punguza kitufe cha sauti hadi sifuri. Mvumo usipobadilika, chanzo kiko baada ya kitufe hicho: anza na kapasita kama ni hezi 100, na hita za valvu za mwisho kama ni 50. Ukitoweka, rudi kwenye valvu ya kwanza na waya wa pizo, ambao lazima uwe na shildi.