Majina ya Milima Yetu na Wafasiri Wake

Katika sikukuu za parokia, katika vilio na katika madaftari ya shule, watu wa Rumangabo na wa vijiji vya jirani hupenda sana kueleza asili ya majina ya mahali. Desturi hiyo ni njema. Lakini maelezo yenyewe hayana uzito mmoja. Mengine ni ushuhuda, mengine ni mchezo wa sauti tu, na mengine, twasema kwa huzuni, yamegeuzwa kuwa silaha. Basi yafaa tuyachambue, kama mama achambuavyo maharagwe kabla ya kuyatia chunguni.

Tuanze na yaliyo mazuri. Karisimbi, mlima wenye mita 4,507, huelezwa kwa neno isimbi, yaani simbi jeupe. Aliyekiona kilele chake asubuhi, theluji ikiwa imeanguka usiku, hahitaji mwalimu. Muhabura ni yule amwonyeshaye njia aliyepotea. Na kweli mlima ule huonekana toka mbali, msafiri akajua aelekee wapi. Sabinyo hutoka katika iryinyo, yaani jino, na kilele chake kimechongoka kama meno ya mzee. Hata Virunga ni neno la wenyeji: ikirunga ni mlima wa moto, na ikiwa ni mingi ni ibirunga. Twayasifu maelezo hayo kwa sababu tatu: yanalifungua jina zima, yanafuata lugha ya watu walioliita, na nchi yenyewe yakubali.

Sasa tutazame yasiyofika hapo. Wengi wakilisikia jina Rumangabo hushika mara moja neno ingabo, yaani ngao au jeshi, kwa sababu wameiona kambi ya askari. Lakini kambi ndiyo iliyochukua jina la mahali, si mahali palipochukua jina la kambi. Tena, mwenye kushika mwisho wa neno ameuacha mwanzo wake nje ya mlango. Kadhalika wasemao kwamba Goma ni ngoma: huenda wana haki, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Watoto wawili wanaofanana si lazima wawe wa mama mmoja.

Wageni nao walikosea, na kosa lao lilikuwa na gharama. Mwaka 1861 Mwingereza Speke aliiona milima hii toka mbali, akiwa Karagwe, akaandika jina Mfumbiro. Jina likaingia katika ramani kama la mlima mmoja, kumbe ni safu nzima. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakautia mlima huo Mfumbiro katika mapatano yao ya kugawana nchi, wala hawakujua vema uko wapi. Mwaka 1910 mpaka ukapitishwa juu ya Karisimbi, Bisoke na Sabinyo, na ndugu wa lugha moja wakajikuta chini ya serikali tatu. Ndiyo hasara ya kuandika jina bila kumwuliza anayeishi chini ya mlima.

Wala sisi wa Kanisa tusijitoe katika mizani hiyo. Misheni ya Lulenga, karibu na Mikeno, Mapadre Weupe waliiita Tongres-Sainte-Marie, kwa kuukumbuka mji wa Ubelgiji. Nia ilikuwa ya ibada, lakini jina la mbali halikuota mizizi. Hifadhi iliyoundwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, mwaka 1969 ilirudishiwa jina la milima yenyewe. Maandiko Matakatifu yatupa mfano bora: Yakobo alipaita mahali pale Betheli, lakini kitabu cha Mwanzo hakikuficha kwamba zamani mji ule uliitwa Luzi. Jina jipya la heshima lisilizike la kwanza.

Tumefika penye uchungu. Wako watu wasemao, «Jina la kilima hiki ni la lugha yetu; basi ninyi ni wageni, ondokeni.» Hoja hii twaikataa kabisa. Jina hushuhudia nani aliita na aliona nini. Halisemi nani aishi na nani afukuzwe. Mwenye kulitumia jina kumfukuza jirani amefanya ushuhuda kuwa panga, na amesahau amri ya mapendo.

Tena wakati wetu ni mfupi. Mwaka 2012, na tena mwaka 2022, vita vilifika Rumangabo, na watu wengi wa Rutshuru wakakimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mzee akifia mbali na shamba lake, majina ya chemchemi, ya mabonde na ya njia ndogo za mlimani huzikwa pamoja naye, maana hayamo katika ramani yoyote.

Kwa hiyo twawasihi walimu, makatekista na vijana wa parokia: andikeni. Waulizeni wazee wawili au watatu, wa koo mbalimbali. Wakipatana, andikeni, wasipopatana, andikeni maneno ya wote, wala msichague lile lipendezalo ukoo wenu. Liandikeni jina kama wenyeji wanavyolitamka, kisha nendeni mkakitazame kilima chenyewe. Ramani moja husema Nyamulagira, nyingine Nyamuragira, na mlima ni ule ule, ukitoa moto bila kuuliza ni nani anayeutaja.

Milima ilikuwako kabla yetu sote. Aliyeiumba ndiye mwenyewe. Sisi tumepewa kuiita tu, na tuiite kwa kweli.