Mrithi Asiyetaka: Uchawi, Jinai na Deni la Ukoo katika Riwaya ya Mirathi ya Hatari

Sehemu hii inachunguza dhana ya mirathi katika Mirathi ya Hatari, riwaya ya C. G. Mung'ong'o iliyochapishwa mwaka 1977. Mhusika mkuu, Gusto, ni mwanafunzi wa sekondari ambaye baba yake, akiwa karibu kufa, anamrithisha uchawi. Hoja inayojengwa ni kwamba kijana huyu anarithi deni, ingawa kwa nje anaonekana kurithi nguvu.

Neno "mirathi" limebeba utaratibu wa kisheria. Katika sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na familia nyingi za Pwani, madeni ya marehemu hulipwa kwanza kutokana na mali aliyoiacha, ndipo warithi wagawiwe kinachosalia. Mung'ong'o anaupindua utaratibu huo. Anachoachiwa Gusto ni siri, washirika na uhasama ambao hakuuanzisha yeye.

Uzito wa mirathi hiyo unaonekana zaidi ikilinganishwa na urithi wa uganga. Katika Uzaramo, kwa mfano Kisarawe na maeneo jirani ya Kibaha kama Kongowe, mganga humrithisha jamaa yake mkoba wa dawa. Usemi "kurithi mikoba", ambao leo hutumika hata kwa makocha na wanasiasa, unaakisi desturi ya namna hiyo. Mkoba wa mganga una mashahidi: ukoo unamjua mrithi, na wagonjwa wanajua mlango wa kubisha hodi. Uchawi hurithishwa gizani. Kwa kuwa hakuna shahidi wa makabidhiano, hakuna pia baraza ambalo mrithi anaweza kusimama mbele yake na kukataa.

Sheria ya nchi nayo haimpi pa kukimbilia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa chini ya utawala wa Uingereza na kubaki baada ya uhuru, inaliona kuwa kosa hata tendo la kumiliki kifaa cha uchawi. Ikisomwa kwa mwanga huo, hali ya kijana kama Gusto ni ya mtego: anaweza kuwa mhalifu kabla hajamdhuru mtu yeyote. Akisema, anajishtaki, akinyamaza, anakuwa mshiriki. Elimu ya shule, ambayo sera za baada ya Azimio la Arusha la 1967 ziliitarajia imkomboe kijana na jamii yake, haimwandalii jibu.

Hapa Mung'ong'o anaachana na njia ya Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kwa Abdulla, imani katika mzimu ni pazia linaloficha mauaji, na mantiki ya Bwana Msa inalifunua. Mpelelezi huyo anaingia katika kisa kutoka nje na anaweza kuondoka salama. Gusto yumo ndani. Pazia na jinai kwake ni kitu kimoja, na aliyemfunika nalo ni baba mzazi.

Usomaji huu una mpaka wake. Riwaya inayouchukulia uchawi kuwa nguvu halisi inaweza kusomwa kama uthibitisho wa imani ambayo imegharimu maisha ya wazee, hasa wanawake, katika Kanda ya Ziwa. Pingamizi hilo ni zito na halipaswi kupuuzwa kwa kisingizio cha ubunifu. Hata hivyo, dhana ya deni inabadilisha swali. Badala ya kuuliza nani ni mchawi, swali linalomwelekeza msomaji kwa jirani, riwaya inauliza ni nani anayewatwika watoto madhara aliyoyatenda mwenyewe. Swali hilo linamrudisha msomaji nyumbani kwake.

Kwa hiyo, inahitimishwa kuwa hatari inayotajwa katika anwani ya riwaya haimo katika dawa wala hirizi. Imo katika utii: mtoto aliyelelewa kutomkatalia mzazi anapoombwa, kando ya kitanda cha mauti, apokee kile ambacho mzazi mwenyewe hakuthubutu kukitua.