Kuhamisha filamu si sawa na kuibana

Ukifungua diski ya Blu-ray kwenye kompyuta, usishangae kukuta lundo la mafaili ya m2ts badala ya filamu moja. Vijifaili vingine, vya mpls, ndivyo vinavyosema kipande kipi kichezwe kwanza. Kupata faili moja kuna njia mbili, na tatizo letu ni kuziita zote "kukonvati".

MakeMKV inahamisha tu. Picha na sauti vinaingia kwenye faili la MKV jinsi vilivyo, kama mchele unaotoka kwenye gunia kwenda kwenye ndoo. Kasoro yake ni uzito: diski ya tabaka mbili hubeba hadi GB 50, na faili lako linaweza kukaribia hapo.

HandBrake inabana upya. Faili linapungua sana, sawa, ila kilichotupwa hakirudi. Tena mipangilio yake ya mwanzo hutoa MP4, na hapo ndipo ninapoikosoa. Maandishi ya tafsiri ya Blu-ray yamehifadhiwa kama picha. Kwenye MP4 ama yanachomelewa juu ya video moja kwa moja, ama yanaachwa. Mgeni wa programu hii atajuaje?

Ushauri wangu: kama diski ni yako na sheria ya nchi yako inaruhusu, hamisha kwanza, kisha bana nakala ya simu. Siku diski ikichubuka, utashukuru kwamba hukuanza na ile ndogo.