Hongera Wachonga Mashetani

Mabhikkhu (watawa) wa hekalu la Kibudha la Upanga, Dar es Salaam, hufundisha kuwa woga, hasira na tamaa hupungua nguvu mtu akivitazama bila kuvikimbia. Wachonga vinyago wa Kimakonde wanalifanya hilo kwa tezo, nami nawapa hongera.

Samaki Likankoa, mzaliwa wa Msumbiji, ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Mtazame fundi wa Newala au Masasi: anabandua ganda jeupe la mpingo, kiini cheusi kinatokea. Akikutana na kifundo, hakikwepi, anakifanya jicho. Sikio linaota tumboni, mdomo unameza mguu. Wateja hucheka (wengine kwa wasiwasi, nadhani). Bei za madalali ndizo zinazotisha kweli.