Kusoma Kabla ya Kuandika

Oskiloskopu ya USB ya bei nafuu haina skrini wala vitufe. Ni kisanduku chenye matundu ya kuchomekea probu upande mmoja na waya wa kompyuta upande wa pili. Kuchora mawimbi, kuyapima na kuyahifadhi ni kazi ya kompyuta. Ninayoizungumzia ni Hantek 6022BE, inayotoka Qingdao, China: chaneli mbili, na kwa maelezo ya mtengenezaji, upana wa megahezi 20 na sampuli milioni 48 kwa sekunde. Kwa mwanafunzi au fundi asiye na uwezo wa kununua kifaa cha maabara, hiki ndicho kinachomwonyesha umeme ukitembea kwa mara ya kwanza. Lakini hapa sitakisifia kifaa chenyewe. Nataka kuisifia kazi ya kuchukua nakala ya kilichomo ndani yake, kisha kukiflashi upya, kwa sababu ni kazi inayodai adabu ambayo wengi hawaioni.

Katikati ya bodi kuna chipu ya FX2LP ya Cypress, kampuni ambayo tangu 2020 imo ndani ya Infineon. Moyo wa chipu hiyo ni prosesa ya ukoo wa 8051, ukoo ulioanzishwa na Intel mwaka 1980. Programu dhibiti yake inakaa kwenye RAM ya kilobaiti 16. Ukichomoa waya, yote imekwenda. Ukichomeka tena, chipu inajitambulisha kwa kompyuta kwa namba 04B4:6022, na draiva inajua kwamba imepokea kifaa kisicho na kitu kichwani. Inaandika 1 kwenye anwani E600 ili kuisimamisha prosesa, inamimina programu kwenye RAM, kisha inaandika 0 ili kuiachia. Papo hapo kifaa kinajikata kwenye laini na kujiunganisha tena, safari hii kikijiita 04B5:6022. Ni kisanduku kile kile, ila sasa kina akili.

Mpango huu naupenda sana. Umeifanya kazi ya kuflashi iwe na huruma: ukipakia programu mbovu, chomoa, chomeka, anza upya. Huruma hiyo ndiyo iliyowapa watu wa mradi wa sigrok na wa OpenHantek6022 ujasiri wa kuandika programu dhibiti zao wenyewe kwa lugha ya C na kuzijenga kwa SDCC, kompaila isiyouzwa. Programu ya kiwandani ilikuwa imefungwa ndani ya draiva ya Windows. Aliyeitaka ilibidi aichimbue humo, au asikilize mazungumzo ya waya wa USB wakati inapakiwa na kuyarekodi baiti kwa baiti. Leo kisanduku hicho kinafanya kazi vizuri kwenye Linux, na hakuna siku ambayo mtengenezaji anaweza kuamka na kukizima kwa kuacha kutoa draiva. Huo ni uhuru wa kweli, na ulianza na mtu aliyehangaika kupata nakala.

Pembeni, hata hivyo, kuna kijichipu kingine cha miguu minane, cha familia ya 24C, ambacho hakina huruma hiyo. Ni EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Ukiisoma, baiti zake za mwanzo ni C0 B4 04 22 60. C0 inaiambia FX2LP: chukua kitambulisho chako hapa, lakini programu isubiri kutoka kwenye kompyuta. Zinazofuata ni namba ile ile 04B4:6022, ila kila jozi imegeuzwa, baiti ndogo ikitangulia. Haya yote yanaweza kuandikwa upya na yeyote anayeyajua, kwa sababu ni sawa kwenye kila 6022BE.

Baada ya hapo zinakuja namba za urekebishaji, na hizi hazifanani na za mwingine. Kigeuzi cha kifaa hiki ni cha biti 8, kwa hiyo sifuri ya volti ingepaswa kusomeka katikati, 128. Haisomeki hivyo. Vipande vya umeme vina tofauti zao ndogo, na kisanduku chako huenda kinaisoma sifuri kuwa 131. Kwenye masafa mapana ya volti 10 kutoka chini hadi juu, hatua moja ni kama milivolti 39. Hatua tatu zinakaribia volti 0.12. Unapima laini ya volti 3.3, unaonyeshwa 3.4, na unaanza kumshuku regyuleta asiye na kosa. Kiwandani walikipima kisanduku hicho peke yake na kuiandika 131 yake humo. Huwezi kuipakua popote, na jirani mwenye kifaa kama chako hawezi kukuazima.

Kwa hiyo fundi makini husoma kabla hajaandika. Anapakia kwenye RAM programu ndogo inayojua kuisoma EEPROM, au anakibana kijichipu kwa klipu ya programa ya CH341A, na kutoa faili. Kisha anasoma tena, na kuyalinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Klipu iliyokaa vibaya haitoi onyo. Inatoa faili lenye ukubwa sahihi na uchafu ndani. Mafaili yakilingana, anaangalia kama yanaanza na C0, maana mafaili mawili yaliyojaa FF pia yanalingana. Anaandika namba ya kifaa na tarehe kwenye jina la faili, na nakala ya pili anaiweka nje ya kompyuta hiyo. Hakuna atakayemlipa kwa dakika hizo, na mimi nadhani ndizo zinazomtofautisha na wengine.

Mafundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanalijua jambo hili kwa uchungu. Simu iliyofutwa yote bila kusomwa eneo lake la NVRAM, linalotunza namba zake za pekee, hurudi ikiwaka vizuri, picha safi, sauti safi, lakini haina IMEI, namba yake ya utambulisho. Tangu Juni 2016, Tanzania ilipozizima simu zenye IMEI bandia, mteja anajua hasara hiyo ni nini. Fundi mzuri pale kaunta huchukua nakala hata ya simu ambayo mwenyewe amesema haina kitu cha maana.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mwenye kutaka kisanduku kiwake na programu yake chenyewe. Anaondoa kijichipu kidogo, analehemu kikubwa zaidi, na kubadili C0 kuwa C2, yaani: soma programu nzima hapa hapa. Programu ikiwa mbovu, FX2LP inaisoma, inaganda, na kompyuta haioni chochote. Wengi hukitupa kifaa katika hatua hii. Hakijafa. Ukiutenga mguu wa 5 wa EEPROM, unaobeba data, wakati wa kuchomeka, chipu inakosa cha kusoma na kujitokeza kwa jina lake la kuzaliwa, 04B4:8613. Hapo unaurudisha mguu, unapakia kwenye RAM programu yako ndogo ya kusoma na kuandika EEPROM, na kuiandika upya EEPROM kutoka kwenye faili ulilohifadhi. Mwenye faili anamaliza kwa dakika chache. Asiye nalo atashikanisha ncha ya probu na klipu yake ya ardhi, apime sifuri kwenye kila masafa na kila chaneli, na kuzitunga namba zake mwenyewe. Inawezekana, na akizipata tu, azihifadhi kabla hajagusa kitu kingine.